Nikaondoa Anga

Tangu bega langu likatae nyundo
sijachonga kitu kikubwa kuliko mwiko.
Magogo ya mninga yamelala uani, Isevya,
kuku wanatagia katikati yake.
Lubango, mtoto wa dada, akaniachia simu yake ya zamani,
kioo kina ufa kama mto Ugalla wakati wa kiangazi.
Akasema, Mjomba, piga basi hata picha.

Nikatoka.
Nilidhani nitapiga watu. Watu wanacheka, wanasogea,
wanauliza itatoka lini.
Kuta hazina haraka.

Saa nne asubuhi, ghala la tumbaku nyuma ya stesheni:
bati limeota kutu kwa mistari,
kahawia, kisha strungi, kisha wekundu wa kidonda kinachopona,
na kivuli cha nguzo ya umeme kimelikata mshazari
kama msumeno ulioachwa nusu ya kazi.
Nikasogea. Nikaondoa anga.
Nikaondoa mlango, na kufuli, na "Usikojoe hapa."
Nikasogea tena, mpaka ghala likaacha kuwa ghala.

Kazi ni ileile. Kwenye gogo hatuongezi kitu.
Tezo hutoa, patasi hutoa,
na hii simu, kwa kingo zake nne, hutoa.

"Mzee, unapiga nini? Mbona hapo hakuna kitu?"
Mlinzi, rungu kwapani.
Nikamwonyesha. Akaigeuza simu, akaigeuza tena.
"Ni shuka," akasema. Baadaye:
"Ni mashamba, ukiwa juu ya ndege."
Hajawahi kupanda ndege. Mimi pia.
Tukasimama pale, wawili, juu ya mashamba ya kutu.

Wiki ile, Gongoni, nilikuta ngazi ya ghorofa isiyokwisha,
vipandio kumi na kimoja, halafu hewa.
Nilikuta plasta iliyobanduka ikaacha matofali mabichi
katika umbo nililolitafuta miaka mitatu ndani ya mninga
nikalikosa.
Limechongwa na mvua, bila sahihi.
Niliionea mvua wivu, sitaficha.

Kisha Ng'ambo, kando ya barabara, ukuta wa chokaa
na juu yake X nyekundu, rangi imechuruzika.
Mungu anisamehe, nilisema: Safi.
Uzito uko kushoto, chokaa inapumua kulia,
michirizi mitatu inashuka bila kufika chini.
Nikaondoa neno BOMOA. Nikaondoa dirisha,
na dirishani, sikujua, nilikuwa nimeondoa mtu.

"Alama mmeshaweka. Sasa mmekuja kuhesabu nini?"
Bi Nyanzala, unga hadi viwikoni.
Nikasema mimi si wa manispaa. Mimi mchongaji.
"Mchongaji na ukuta wangu, wapi na wapi?"
Nikampa simu, sikuwa na jibu lingine.
Akatazama. Unga ukaingia kwenye ufa wa kioo.
"Nyumba iko wapi?" akauliza.

Akanishika mkono, ule wa bega bovu,
akaviweka vidole vyangu ukutani, chini ya ncha ya X:
mashimo manne, na la tano limepinda.
"Kapela alishika hapa plasta ikiwa mbichi,
aliteleza kwenye jukwaa.
Nilimwambia asawazishe. Akasema kesho."
Vidole vyangu viliingia. Kimoja hakikuenea.

Jua lilikuwa utosini, ukuta hauna kivuli,
saa mbovu kabisa ya picha.
Nikarudi nyuma hadi mtaroni, hadi kwenye lami,
bodaboda wananipigia honi.
Nikaingiza dirisha. Nikaingiza mlango, kapu la mkaa,
neno lote BOMOA, paa, jiwe lililoshikilia bati.
Nikarudisha anga.
Yeye alijifuta unga, akasimama pembeni
kama anayepisha mtu apite.

Hiyo Lubango hajaiona.
Jana niliwafukuza kuku kwenye gogo moja.
Bega linauma. Napapasa chini ya gome,
polepole,
natafuta pa kuingiza vidole vitano.